Darasa la Kuazima

Tangu serikali iache kuwapeleka wanafunzi wake vyuo binafsi, ghorofa ya chuo kile juu ya duka la mabati mjini Migori ilianza kunuka vumbi. Leonida, mhadhiri wa uuguzi, mzaliwa wa kisiwa cha Mfangano, alibaki na wanafunzi wachache wa mwaka wa mwisho. Hospitali ya mazoezi ilikuwa imewafungia lango. Sasa kibali cha chuo nacho kilikuwa kinaisha, na bila kibali hakuna mtihani, hakuna cheti.

Asubuhi ya ukaguzi alifungua mlango akakuta darasa limefurika. Waendesha bodaboda, wauza dagaa wa omena, hata kinyozi wa jirani, wote wamevaa makoti meupe.

"Madam!" kinyozi akachekelea. "Leo nakudunga sindano!"

Mogire, mwenye chuo, akamvuta Leonida kando. "Wewe fundisha tu. Wakwe wakija kwako, si huazima viti kwa jirani?"

"Viti naazima, Mogire. Siazimi bibi harusi."

"Wacha mdomo! Nani alikuokota kule kisiwani?"

"Hukuniokota. Ngazi zako nilizipanda kwa miguu yangu."

Wakaguzi wakaingia. Mama mmoja mwenye miwani akamwomba aendelee na somo. Leonida akashika chaki, akaishika mpaka ikavunjika.

"Wanafunzi wangu ni wale wa nyuma," akasema. "Mwaka mzima hawajamgusa mgonjwa. Hawa wengine, mama, siwajui."

Kinyozi akawa wa kwanza kuvua koti. "Bosi, lakini pesa ya leo utatulipa?"

Mogire akamtazama Leonida kama atamtemea mate. "Mchawi wewe."

Chuo kikafungwa wiki hiyo hiyo. Willis, mwanafunzi wake hodari kuliko wote, alimngoja chini ya ngazi.

"Cheti chako unacho, madam. Kimening'inia ukutani kwako."

"Willis, baba, ungemuua mtu."

"Usiniite baba! Mama aliuza shamba la Oyugis nisome hapa. Nenda ukamweleze wewe."

Leonida akaenda. Mama Willis alikuwa akianua mahindi uani. Akamsikiliza mpaka neno la mwisho, bila kumkaribisha ndani. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akamfungulia mbwa.