Kipande cha Mti Nyuma ya Mlango

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa jicho moja liko wazi, namwangalia mkunga asije akaondoka na kitu. Kwa hiyo Jumapili ile mume wangu aliporudi nyumbani ananukia, sikumuuliza neno. Nilinusa tu.

Tulikuwa tukikaa Msambweni, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, naye akifanya kazi katika kiwanda cha sukari kule Ramisi. Mtu wa kiwandani hunukia jasho na sukari iliyoungua, na harufu hiyo nilikwisha kuizoea kama ya mto wangu wa kulalia. Hii ilikuwa nyingine. Tamu, kavu, kama ya udi uliozimika zamani. Ilikuwa shingoni, ilikuwa kwenye mikono, ilikuwa mpaka ndani ya mfuko wa shati. Nikasema moyoni, haya, bwana amepata wa kumfukizia nguo.

Nikamkaushia. Nikampakulia wali, nikamtilia mchuzi, nikakaa namtazama anavyotafuna. Niliwahi kuambiwa kwamba mwanamume mwenye mambo yake hutafuna taratibu, na yeye alitafuna taratibu. Kweli alikuwa na jino bovu upande wa kulia, lakini siku hizo jino lile sikulijali. Alipokwenda kuoga nikapekua kikapu chake mpaka chini.

Nilichokuta ni vipande vya mti. Kimoja kilikuwa na kitu mfano wa kichwa, pua imebanduka. Nikakinusa, na harufu niliyokuwa nikiisaka ndiyo ile.

"Huo mti wa muhugu," akasema nyuma yangu, maji yanamchuruzika. "Unanukia hivyo hivyo. Najifunza kuchonga kwa yule mzee Mkamba, kule kwenye mashamba waliyogawiwa watu wa bara."

"Kuchonga nini?"

"Watu."

"Sanamu? Wewe, mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani, unachonga sanamu? Astaghafirullah!"

"Ni kazi kama kazi nyingine. Wazungu wa hoteli za Diani wananunua," akasema, na wakati akisema alikuwa akiangalia kizingiti, si mimi. Nikajua mwanamke hayupo. Nikajua vilevile kwamba sijaambiwa yote.

Basi nikawa namchunguza na vipande vyake. Alianza na kimoja kidogo kama hindi changa, akidhani kidogo ndio rahisi. Lo! Tezo iliteleza mara moja tu, mkono mzima wa yule mtu wa mti ukaenda na maji. Akaleta kingine kipana lakini chembamba mfano wa ubao, na aliyetoka humo hakuwa na pua wala kisigino, bapa kama samaki ng'onda anayeanikwa juani. Nikamwambia, huyu kamgeuze upande wa pili umkaange. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka, na hilo nalo nikaliweka akiba.

Nyumba yetu ilikuwa imeacha kucheka ovyo kwa muda. Kabla bendera haijabadilishwa tulikuwa tumemzika binti yetu wa kwanza. Homa ilimchukua upesi, hata jino la utoto hajang'oa. Aliyebaki ni mdogo wake, mtoto wa kiume, na huyo sikumwachia hata kwenda kisimani na wenzake. Mtu akimsifu amenenepa, nilimkazia macho mpaka atamke mashaallah. Majirani waliniona nimezidi. Wacha waone.

Sasa siku moja mume wangu yuko zamu ya asubuhi, mimi nafagia. Nyuma ya mlango nikakuta kipande cha mti wa mwembe kimesimamishwa. Hiki hakikuwa cha kutia kikapuni. Kilikuwa kirefu, kimechongwa pembe nne, kimepigwa tezo vizuri juu na chini. Bado nakishangaa, mtoto akaja akaegemea ukuta kando yake, ananiomba muhogo. Nikainua macho. Utosi wake na kichwa cha ule mti vilikuwa sawasawa, hata ukucha haupiti.

Nikautupa ufagio. Kwetu mtoto hapimwi. Anayepimwa kwa kijiti ni maiti: hukatwa kijiti sawa na urefu wake, wachimbaji wakaenda nacho makaburini wajue mwanandani, lile shimo la ndani analolazwa maiti, uwe wa kiasi gani, kisha kijiti kikaachwa huko huko. Ukimpima hivyo aliye hai, umemwitia. Hata nguo ya sikukuu nilikuwa nikimkatia mwanangu kwa macho tu, ikipwaya na ipwaye.

Na nilikuwa na la kuongezea. Wakati ule wakubwa wa zamani walikuwa wakiachia nafasi kule kiwandani, na mume wangu alikuwa anatajwatajwa kuwa nyapara. Na nilikuwa nimesikia, nani hajasikia, habari za watu waliotoa watoto wao kafara wapande cheo. Mwanamume anatafuta unyapara, mara anajifunza kuchonga watu, mara ana mti wa kimo cha mwanawe. Mniambie nyinyi, ningefikiri nini?

Nikajitanda kanga, nikambeba mtoto mgongoni, na ukubwa wake ule, nikaenda kwa yule Mkamba.

Alikuwa ameketi juu ya takataka za mti, anapiga msasa shingo ya twiga. Salamu nilimpa, maana adabu ni adabu, lakini niliitoa kavu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Karibu kigoda."

"Sikai. Mume wangu umempa mti wa nini?"

Alinitazama, akaweka twiga chini. "Mama, ule mti nilimkataza. Mtu anayeanza simpi kidogo, maana kidogo hakisamehi, mkono ukikosea umekwisha. Na kikubwa simpi, maana atachonga mpaka achoke na bado ni gogo. Namwambia hivi: kichwa cha mtu wako kijaze kiganja, ukishike vizuri. Ukishapata kichwa, mwili utajua urefu wake. Unene upate pua na visigino, na chini uache mahali pa kushikia. Basi. Lakini bwana yako hakutaka. Alikuja na kijiti chake."

"Kijiti?"

"Kijiti cha kipimo. Cha zamani, cheusi kwa moshi. Alisema anataka mti urefu ule ule, usizidi, usipungue. Nikamwambia huo ni mti wa fundi, utakushinda. Akasema huo au basi. Nikamkatia mwembe, niuonee huruma muhugu wangu." Akamwangalia mtoto mgongoni kwangu, akatabasamu. Nikageuza bega asimwone.

Nilisikia neno kijiti, mengine yote yakawa si kitu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasoma Ayatul Kursiy, nikikosea naanza upya, na mtoto ananiuliza mama mbona unakimbia.

Mume wangu aliporudi alasiri alinikuta jikoni. Moto unawaka, na kile kipande cha mti nimekilaza juu ya figa kwa upande mmoja, ncha yake inaanza kufuka moshi. Mtoto nilikuwa nimemwacha kwa jirani.

"Umempimia nani?" nikamuuliza.

Macho yake yakaenda kwenye ule mti.

"Ewe bwana, sema! Wallahi nakisukuma motoni, na kesho niko Vanga kwa baba yangu na mwanangu. Huo unyapara ukaulale nao."

"Unyapara gani?" akasema, na kwa kweli alionekana hajui ninasema nini. Kisha akaingia ndani. Nikamsikia anapandia kitanda, anapekua makuti. Akatoka na kijiti kimeshikwa kwa mikono miwili. Kilikuwa cheusi kwa moshi, vumbi tele, na ncha zake zilikatwa kwa kisu zamani sana. Mtu hahitaji kijiti cha namna ile kumpimia mtoto anayekula muhogo leo.

"Si chake," akasema. "Ni cha dada yake."

Nilikaa chini.

"Mimi ndiye niliyewapelekea wachimbaji. Walipomaliza waliniambia nikiache mle mle. Mkono ulikataa kufunguka." Akachuchumaa, akauvuta ule mti kutoka motoni, akauzima kwa kiganja, hata hakuhisi. "Nimesahau alikuwa akinifika wapi. Nikisimama pale mlangoni najaribu, kiunoni, juu ya kiuno, siwezi tena. Nilitaka asimame mahali nimwone."

Nikaitazama ile ncha iliyoungua. Sote wawili tulikuwa tukiishi na yule mtoto kila siku, tukimlisha, tukimlaza, na hakuna aliyeona kwamba amekwisha kumfikia dada yake kimo. Hofu yote ya siku ile ilinitoka kwa mkupuo, na chini yake palikuwa na kitu nilichokuwa nimekikalia muda wote ule. Nililia kwa sauti, jirani akaita kuna nini, mume wangu akamjibu moshi.

Nilipoweza kusema nikamwambia, "Huu mti utakushinda. Ni mkubwa mno."

"Najua. Mzee ameniambia."

"Amekuambia kichwa kijaze kiganja."

"Ndiyo."

Nikamfungulia mkono wangu wa kushoto, nikaukunja kidogo kama ninavyoshika maji ya kunawa. Mkunga alipomweka binti yangu mapajani mwangu, kichwa chake kilitua hapa, na hapakubaki nafasi wala hakikuzidi. Hilo mume wangu hakuliona. Alikuwa nje na wanaume. "Kata kinachoingia hapa," nikasema. "Na uso usimwekee. Uso ninao mimi."

Akakiweka kijiti chini, akasogea, akaanza kukipima kiganja changu kwa vidole vyake, kutoka kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati, kisha upana. Kwetu aliye hai hapimwi. Nikamwacha anipime.