Suruali ya Chifu Iliyogeuka Mkoba

Leo nacheka nikisimulia, lakini siku ile nilitamani kuingia chini ya cherehani nibaki huko. Mimi ndiye katibu wa kikundi chetu cha mafundi hapa Kitengela, mtu wa mpangilio (ndivyo nilivyojisifu), na tulikuwa tunawangoja wageni wa mradi wa kupunguza taka za nguo, pamoja na chifu, ambaye ndiye angetupa au kutunyima chumba sokoni cha kuchambulia nguo kuukuu. Zawadi ya chifu ilikuwa iwe mkoba ulioshonwa kwa nguo hizo, na asubuhi hiyo gunia letu lilikuwa na soksi na mabaki ya pazia tu, basi nikageukia ile rafu ambayo kila fundi anayo, ya nguo ambazo wateja huleta zirekebishwe kisha wakapotea, nikaona suruali nzuri ya kijivu, haina jina, nikajiambia hii imeshakuwa taka, nikakata. Mfuko wa nyuma, na kifungo chake, niliuacha nje, uwe urembo.

Shughuli ikaenda vizuri. Mkubwa wa mradi alisema "ushirikiano" mpaka neno likachoka (huku meza yake imejaa fulana mpya za mradi, bado ziko kwenye nailoni). Nikamkabidhi chifu mkoba, watu wakapiga makofi, mkewe akainama kuutazama.

"Baba Naserian, si hii ni ile kifungo nilishona na uzi nyekundu?"

Chifu akaugeuza mkoba. "Fundi! Hii si suruali nilituma kwako upunguze kiuno? Na Jumamosi naozesha binti!"

Nikanyoosha mkono niuchukue ule mkoba. Lakini mkubwa wa mradi aliruka kwa furaha: "Mwenye nguo, fundi na serikali, wote ndani ya mkoba mmoja! Huu ndio ushirikiano!" Kamera zikamgeukia chifu, naye angefanyaje, akatabasamu, akauinua mkoba juu, akatangaza kwamba chumba tumepewa.

"Katibu," Mama Kamau wa cherehani ya pili akaninong'oneza, "kata na koti yake, tupewe soko yote."

Harusini chifu alivaa suruali ya mume wangu, iliyoishia juu ya soksi. Tangu hapo sikati kitu kabla sijamwona mwenyewe, hata kitambaa cha kupangusia meza. Na chifu, kila akija kutusalimia pale chumbani, husimama mlangoni, hakanyagi ndani, mkono mmoja ukiwa umeshika mshipi.