Sikumwambia Babu Afunge Nyuki

Nilitumwa kwa babu yangu na ujumbe, sikuufikisha, kisha nikasema nimeufikisha. Hili sijamwambia mtu yeyote, si mama, si padri, si rafiki yangu tuliyeketi naye dawati moja miaka minne. Niko na miaka kumi na minane, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na ninaishi nyumbani upande wa Kola, Machakos. Admin, jina langu lisionekane popote. Mimi ni mtu wa aibu sana, na aibu hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa.

Babu, ambaye sisi tunamwita Umau, amefuga nyuki tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Alikuwa na mizinga sita ya magogo nyuma ya nyumba yake. Shamba letu la mbaazi limepakana na boma lake, na mbaazi zikitoa maua, nyuki wake hushinda humo mchana kutwa. Lakini maua hayohayo huliwa na viwavi, kwa hiyo lazima tupige dawa. Watu wengi huku hupiga tu na kwenda zao. Sisi tulikuwa na mpango wetu. Anayetaka kupiga dawa humpelekea Umau habari siku moja kabla. Jioni, nyuki wakisharudi wote, Umau huziba milango ya mizinga kwa vipande vya gunia vilivyoloweshwa maji, halafu huwafungulia kesho yake jioni. Alikuwa akisema nyuki hawawezi kusoma karatasi ya dawa, kwa hiyo sisi tuwasomee.

Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Kwa heshima ya kwetu, mama haendi kuzungumza ovyo na baba mkwe wake, kwa hiyo ujumbe wote kati yao hupitia kwangu.

Mwezi wa sita mama alinituma nimwambie Umau kwamba kesho yake tunapiga dawa. Alikuwa ameazimwa pampu na jirani kwa asubuhi moja tu. Nilipofika kwenye ua wa Umau, niliwakuta wazee wanne wa kanisa wameketi naye wakinywa chai. Wazee hao hunitania kila wakiniona. Mmoja huniuliza kama ulimi wangu niliusahau shuleni. Mwingine husema atakayenioa itabidi anipose kwa barua. Niliwasikia wakicheka, nikasimama nyuma ya ua, nikajiambia nitarudi wakishaondoka. Nikaenda kuchota maji, nikapika, na giza likaingia. Mama aliponiuliza nilisema, "Nimemwambia." Nilipanga niamke mapema, nimkimbilie Umau kabla dawa haijachanganywa. Nilipoamka, mama alikuwa tayari shambani na pampu mgongoni. Hata hapo ningeweza kumwita. Nilisimama mlangoni nikamtazama akienda mstari kwa mstari, na jua likapanda, na nyuki wakaja kama kawaida yao.

Kufika saa sita walikuwa wanatambaa chini mbele ya mizinga, wakizunguka mahali pamoja. Wengine walikuwa wamekufa ulimi ukiwa umetoka nje. Sikujua nyuki ana ulimi mrefu hivyo. Umau aliwakusanya kwa mikono yake hadi ungo ukajaa.

Alikuja kwetu na ule ungo. Hakufoka. Alisimama mbali kidogo, akamuuliza mama kwa nini hakumpasha habari.

Mama alishangaa. "Baba, si nilimtuma msichana akakwambia?"

Wote wawili wakanigeukia. Niliitikia kwa kichwa.

Umau akaniuliza, "Uliniambia nikiwa wapi?"

"Ukiwa na wazee, mkinywa chai. Ukasema sawa."

Alinitazama machoni. Nilijua anatafuta kichwani mwake kitu ambacho hakikuwepo. Mwisho akaweka ungo chini, akaketi juu ya jiwe la kufulia. Akasema polepole, "Basi nimesahau."

Tangu siku hiyo Umau si yule yule. Mtu ambaye alikuwa akiitwa kuonyesha mipaka ya mashamba bila karatasi, sasa anarudi mara tatu kuangalia kama amefunga zizi. Akianza kusimulia jambo anakatiza katikati na kusema labda si hivyo, muulizeni mwingine. Mizinga minne imebaki kimya. Miwili iliyobaki amempa mtu wa ng'ambo ya mto, kwa sababu mzee anayesahau hafai kuwekewa viumbe mikononi. Maboga ya mama, yaliyokuwa yakichavushwa na nyuki hao, yanaoza yakiwa madogo kama yai, na mama anasema ni jua.

Baba mdogo, anayefanya kazi kiwandani Athi River, amesema Umau asiachwe peke yake tena. Anakuja kumchukua mwisho wa mwezi, akaishi naye kwenye chumba cha kupanga. Umau amekubali bila kubisha. Jumapili aliniita akanipa vile vipande vyake vya gunia, vimekunjwa vizuri. Akaniambia, "Wewe ndiye mwenye kumbukumbu nzuri hapa nyumbani. Nikiulizwa kitu huko na kikinipotea, nitasema wakupigie simu."

Nilivipokea.

Nikimwambia ukweli, nyuki hawatarudi. Atajua kichwa chake ni kizima, lakini atajua pia kwamba nilimtazama machoni nikamfanya ajione amepotea. Na mama atajua ni mimi niliyemfanya awaue. Nikinyamaza, atakwenda Athi River na kufa akiamini amechakaa. Nyinyi mlio wengi hapa, mngekuwa mimi mngeanzia wapi? Semeni hata kwa ukali, nitasoma yote.

Ila kama unatoka huku Kola na unahisi unaijua nyumba hii, nakuomba usimwambie mtu. Umau akisikia, nataka asikie kwangu. Wiki hii nimefika kwenye ule ua wake mara tatu, na mara tatu nimerudi. Tafadhali, ibaki hapa kati yetu.