Sababu ya Fundi Mwashi Kutahiriwa Uzeeni

Mdomo wangu umeshaniponza mara nyingi, lakini siku ile ulinitia aibu hasa. Mimi ni nesi kwenye kliniki ya tohara. Kazi yangu ni kujaza fomu kabla mtu hajaingia kwa daktari, na kwenye fomu kuna swali: kwa nini umeamua? Majibu nayajua kwa moyo. Dini. Usafi. Kujikinga na maradhi. Mchumba kagoma. Wenzake kazini wanamcheka bafuni.

Basi akaingia mzee wa miaka hamsini na nne, fundi mwashi, saruji imemkaukia kwenye kucha, kofia kaishika mkononi. Alipoona nesi mwenyewe ni mwanamke wa rika la binti yake, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Karibu, baba. Haya, umri huo! Umeopoa kigoli nini?"

Hakucheka. "Ni kwa ajili ya mke wangu, mwanangu. Andika hivyo. Mke wangu apone."

Mkewe alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Hospitali walimweleza kwamba kirusi kinacholeta ugonjwa ule huambukizwa kwa kujamiiana, na mwanamume asiyetahiriwa ni rahisi zaidi kukibeba. Fundi akalisikia hilo kwa masikio ya kazi yake.

"Ukuta ukinyonya maji huhangaiki na rangi," alinieleza, huku akipapasa ukuta wa ofisi yangu. "Unatafuta bomba linalovuja, unaliziba. Ukuta unakauka wenyewe. Sasa bomba ni mimi."

Jamani, nilijuta mzaha wangu. Ningeweza kunyamaza, ajipe moyo. Lakini siwezi kumwacha mtu akatwe mwili wake kwa matumaini hewa nami natazama. Nilifunga mlango, nikamwambia polepole kwamba tohara yake haitaondoa uvimbe ulioko kwa mkewe. Wa kumtibu ni madaktari wake, na asikose hata siku moja ya kliniki.

Aliigeuzageuza ile kofia. Halafu akauliza nililokuwa naliogopa.

"Na ningekuja zamani?"

"Hatari ingepungua, baba. Isingeisha. Kama yeye angeepuka, hakuna anayejua."

"Aliniomba," alisema. "Mwaka wa kwanza wa ndoa. Akaniomba tena tulipopata mtoto wa pili. Nikamwambia mimi si mtoto mdogo wa kupelekwa kukatwa. Nikanuna wiki nzima, nakula kwa mama yangu."

Nilimwambia anaweza kwenda nyumbani akafikirie kwanza. Akatikisa kichwa, akaingia chumba cha pili, akapanda kitandani. Daktari alipoinua sindano, mzee akamdaka mkono.

"Hiyo ya ganzi acheni. Nikateni hivi hivi."

Hasira zilinipanda, na huruma pia, sijui kipi kilitangulia. "Hapa si mahakamani, baba! Hatuadhibu mtu hapa!"

Daktari naye akasema bila ganzi hamgusi mtu. Mzee akauachia mkono. Ganzi ilishika vizuri. Tulimjaribu mara mbili, hasikii kitu. Alianza kulia kabla kisu hakijamgusa, akalia mpaka tulipomaliza kufunga kidonda.