Saa ya Baba Ilikuwa kwa Fundi

Baba alinunua ile saa siku aliyokwenda mjini kufuatilia karatasi zake za pensheni. Karatasi hazikupatikana, saa ikapatikana. Aliingia nayo sebuleni mkono wa kushoto ukiwa mbele kama mtu aliyevunjika, akasimama kando ya cherehani yangu mpaka nikalazimika kuuliza.

"Ni mpya, baba?"

"Mpya mpaka mashine. Haina betri hii. Inakula mwendo wa mkono."

Akaivua na kuigeuza. Nyuma ilikuwa na kioo, na ndani ya kioo kipande cha chuma cha nusu duara kilibembea kila alipoitikisa, kikijaza springi. Muuzaji alikuwa amemweleza kwamba mtambo huo ni wa muundo mpya kabisa, umetoka kiwandani juzi, na kwamba Nairobi nzima wenye nao ni wachache. Baba alifanya kazi reli maisha yake yote, katika ofisi ya kupanga safari za treni za mizigo, na mtu wa reli ukimwambia saa ni mpya mpaka mashine, umemmaliza.

Mimi ndiye niliyeiua mara ya kwanza. Nashona sare za shule hapahapa nyumbani Donholm, na kwa jinsi nisivyotoka, mpangaji mpya kwenye ploti huchukua muda kujua kwamba nipo. Cherehani yangu huenda kwa miguu. Mkono wa kushoto kazi yake ni kushikilia kitambaa. Siku moja baba akiwa kitandani na mafua nikaivaa ile saa, nijione mtu wa maana. Kufika jioni ilikuwa imelala fofofo. Baba aliitoa mkononi mwangu taratibu, kama anayemwokoa kifaranga.

"Mama," akasema, maana ananiita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, "wewe ukiivaa itadhani imezikwa."

Tulicheka. Hatukujua kwamba saa yenyewe ilikuwa mgonjwa. Baada ya muda ikaanza kulala hata mkononi mwake, na yeye alikuwa mtu wa kutembea. Kila asubuhi alikwenda hadi Outer Ring kununua gazeti, akarudi kwa njia ndefu ili apate watu wa kubishana nao. Taarifa ya habari ya saa saba ilipokaribia, alikuwa akikaa mbele ya redio akisubiri ile milio ya kuhesabu sekunde, ailinganishe saa yake. Juma hili saa yake inachelewa, juma lijalo inakimbia, kisha inasimama kabisa. Haikukubali hata kusokotwa kwa kitufe. Ilitaka mkono tu, na mkono ikipewa, haishibi.

Jirani yetu akamshauri aipeleke Gikomba, kuna fundi anayeamsha hata saa zilizotolewa majini. Baba akamtolea kadi ya waranti kama anayemtolea askari kitambulisho.

"Akiifungua mtu mwingine, waranti imekufa."

Basi ilikuwa lazima irudi dukani, mjini, ghorofani. Magoti ya baba yalikuwa yameshakosana na ngazi. Mimi, mjini nilienda tu uzi wa rangi fulani ukikosekana Eastlands yote. Akabaki mtu mmoja.

Kaka yangu, kifungua mimba, ni mfanyakazi wa kiwandani Industrial Area na anaishi Pipeline. Si mbali na kwetu. Usipokuwa na haraka utafika kwa miguu. Lakini alikuwa ameacha kuja. Baba alikuwa amembembelezea wakubwa wake mpaka akaandikwa reli, naye akafanya kazi miezi michache akaacha bila kumwambia. Baba akapata habari kwenye kantini, mbele ya watu, sahani ikiwa mkononi. Tangu hapo walikuwa wakisalimiana kwenye matanga tu.

"Mpigie," baba akaniambia. "Mwambie ni mambo ya saa."

"Si umpigie mwenyewe?"

"Mama. Nimesema ni mambo ya saa."

Jumamosi kaka akaja. Hakukaa.

"Iko wapi?"

"Hii hapa. Usiitie mfuko mmoja na funguo."

"Sawa."

"Na usimwachie yule wa kaunta. Mpe fundi."

"Sawa, mzee."

"Inachelewa."

"Umeshasema."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote waliyopeana tangu kile kisa cha kantini. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye cherehani nikijifanya nashona. Ile kola niliifumua baadaye.

Dukani waliirekebisha, kaka akairudisha. Ikaenda vizuri wiki kadhaa, ikasimama tena, akaja kuichukua tena. Mara hiyo ya pili alirudi na maelezo. Alikaa ukingoni mwa kochi, akachukua vifuniko viwili vya soda na kuvipanga mezani. Kifuniko hiki ni gurudumu linalopokea mwendo wa mkono, hiki ni lile linaloupeleka kwenye springi. Mtambo ulikuwa mpya, bado wenyewe waliouunda hawajajua tabia zake, na meno ya gurudumu moja yanalika upesi kwa sababu chuma chake ni laini kuliko cha mwenzake.

"Hata kwetu hutokea," kaka akasema. "Mashine ya kufunga sabuni ikija mpya, mwaka wa kwanza ndio wa kuijua. Haijazoea kazi."

"Na wewe ndiye unayezitengeneza?"

"Ndiyo."

"Peke yako?"

"Na wenzangu. Lakini usiku wananiita mimi."

Baba aliviangalia vile vifuniko. Kisha akamsukumia chai yake mwenyewe, ambayo hakuwa ameigusa. Miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia watu kwamba mwanawe anabeba katoni.

Kutoka hapo kaka alikuwa akiileta au kuichukua, na kila mara akichelewa kuondoka kidogo. Mara moja alikula ugali. Mara nyingine walibishana juu ya breki za treni mpaka nikawaambia wapunguze sauti, nina hesabu ya vifungo. Asubuhi moja baba alitoka chumbani ameinua mkono. "Imelala tena," akasema, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyepoteza kitu. "Mpigie." Nikatoa nyama kwenye friji kabla hata sijashika simu.

Wateja wangu walikuwa wakimpa baba pole kwa kuuziwa saa mbovu. Mimi nilikuwa na hofu mbili ambazo sikumwambia mtu: kwamba waranti itaisha, na kwamba saa itapona.

Safari hiyo duka likasema mtengenezaji amekiri, mitambo ya kwanza ina kasoro, tungoje jibu lao kutoka ng'ambo. Kaka akaiacha huko. Tukangoja. Presha ikamchukua baba kabla jibu halijafika. Aliamka salama, akanywa uji, akaniambia nikaze moto wa chai, na niliporudi kutoka jikoni alikuwa ameegemea redio.

Tulimzika nyumbani, magharibi. Kabla jeneza halijafungwa, dada yake mkubwa, ambaye sisi humwita senge kama Waluhya wote wamwitavyo dada ya baba, aliinua mkono wa kushoto wa baba. Ngozi pale penye saa ilikuwa na mviringo mweupe.

"Saa yake iko wapi?"

"Iko kwa fundi, senge," nikasema.

"Mtu anazikwa, saa yake iko kwa fundi?"

Kaka alikuwa amesimama nyuma, karibu na wabeba viti. Alisikia. Hakusogea.

Senge ndiye aliyepanga siku ya kugawa nguo. Za nyumbani ziligawiwa huko huko, zile za Nairobi akasema atazijia mwenyewe Donholm. Koti la suti lilikuwa la baba mdogo, fimbo ya jirani. Saa ilikuwa ya mkubwa. "Mkono wa baba huenda kwa kifungua mimba," alisema. "Na nataka ile aliyoivaa. Kitu ambacho hakikujua jasho lake hakigawiwi hapa, hicho ni cha dukani."

Kwetu mtoto mkubwa asipofika siku ya nguo amejitoa. Hakuna atakayemfukuza, ila hakuna atakayemwita tena. Nikampigia kaka.

"Saa bado wanayo," akasema. "Nimeenda mara mbili. Wanataka mwenye kadi."

"Mwenye kadi yuko kaburini."

"Niliwaambia. Wanataka cheti cha kifo."

"Basi uje hata bila saa."

"Bila saa nije kufanya nini, sistaa? Gawaneni nyinyi mliokuwa naye." Akakata.

Cheti kilikuwa kwangu, na karatasi muhimu hainitoki mkononi hata ukinivuta jino. Ikabidi niende nayo mwenyewe, nikamtumia kaka ujumbe tukutane huko mjini. Kaka alinikuta chini ya jengo nimeukumbatia mkoba kwa mikono yote miwili.

"Leo biashara zifungwe," akasema. "Wewe umetoka nyumbani!"

"Tembea. Nisije nikabadili mawazo."

Dukani msichana wa kaunta alisoma cheti, akatupa pole ya kweli, akaingia ndani. Alirudi na saa mbili. Moja ilikuwa ya baba, mkanda umepinda kwa umbo la mkono wake. Nyingine ilikuwa ndani ya boksi, na plastiki juu ya kioo.

"Kuna habari njema," akasema. "Hawatengenezi tena. Wanawapa mpya. Mtambo umeboreshwa, hausimami. Hii ya zamani inarudi kiwandani."

"Kufanya nini?" kaka akauliza.

"Inafunguliwa, wanaangalia kasoro, halafu wanaivunja."

"Tupe hii mpya na mkanda wa ile," nikasema haraka.

"Lazima irudi nzima, mama. Ndio masharti ya waranti."

Nikamvuta kaka kando, kwenye kona ya saa za ukutani, zote zikienda pamoja.

"Chukua mpya," nikamnong'oneza. "Zinafanana. Senge macho yake si mazuri, na mkanda nitaukunja mimi kwa pasi, usiku mmoja utakuwa mzee."

"Senge hataona," akasema. "Mimi nitaona."

Akarudi kaunta.

"Nikiichukua hii hii?"

"Hii?" Msichana alidhani hakusikia. "Waranti inaishia hapo. Hatuwezi kuishika tena. Na haiendi."

"Najua haiendi. Mimi ndiye nimekuwa nikiibeba."

Msichana akaangalia boksi, akaangalia mkanda uliopinda, akauliza kwa upole kama tuna uhakika. Kaka akatikisa kichwa kukubali. Nikaweka sahihi mimi, kama mwana wa marehemu, kwamba tumeikataa mpya kwa hiari yetu. Tulishuka ngazi, na kaka alipofika barabarani akaitia mfuko wa shati, peke yake, akaufunga kifungo.

Siku ya nguo alifika mapema, amevaa tai. Senge aliketi kwenye kochi, akagawa kila kitu kwa utaratibu wake, kila nguo akiikung'uta mara moja kabla ya kuitoa. Saa ikawa ya mwisho. Aliunusa mkanda. Mama wa watu hakuhitaji macho, na pasi yangu ingeniaibisha mbele ya ukoo.

"Ni yake," akasema. "Inaenda?"

"Inaenda kidogo, inasimama," kaka akajibu.

"Hata yeye alikuwa hivyo. Alikasirika, akasimama. Ilimchukua miaka kuondoka pale." Akamshika mkono. "Na wewe ulikuwa hivyo hivyo. Sijui nani alimwambukiza mwenzake."

Mkono wa kaka ni mnene kuliko wa baba, mkanda ukafika tundu la mwisho kwa shida. Senge akamwambia maneno ya kwetu, kwa lugha yetu, yale ambayo mtoto mkubwa huambiwa akikabidhiwa nyumba. Kaka aliyasikiliza ameinamisha kichwa, na machozi yalidondoka moja kwa moja kwenye zulia. Sisi wengine tuliangalia kwingine.

Baadaye tulikula. Watu wakaaga mmoja mmoja, tukabaki watatu na masufuria. Nje taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka. Kaka alikuwa akimsimulia senge jinsi baba alivyokataa kuamini kwamba treni za siku hizi zinaweza kufunga breki zenyewe, na mkono wake ulikuwa umetulia juu ya meza. Niliiona saa. Ilikuwa imesimama, pengine tangu wakati wa kula. Naye aliiona, kwa sababu aliiangalia mara mbili. Mtu yeyote mwenye saa ya aina ile huitikisa pale pale, bila hata kufikiri. Yeye hakuitikisa.

"Na wewe," senge akamchokoza, "huna kwako? Pipeline wamehama? Giza limeingia."

Kaka akainua mkono, akasoma saa kwa makini kama baba mbele ya redio.

"Kwa saa yangu, senge, bado ni mapema."

Nikaenda kuongeza maji kwenye chai.