Walivyonifuta kwenye ubao wa soko la mafundi Port Reitz, na jibu langu kwa aliyeuliza ale wapi

Hodi humu ndani wakuu.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza: akija kuangalia vinyago na makubazi pale soko la mafundi Port Reitz, atakula wapi, atakunywa nini, na apitie wapi kabla ya kurudi kwake. Watu wakamjibu kwa mkato.

Mimi jibu langu ni refu, maana jambo hilo lilitaka kunitoa roho.

Nitasema ukweli mtupu na majina nitayataja. Shule niliishia darasa la nne, kwa hivyo maandishi yakipinda nisameheni. Yaliyotokea hayajapinda.

Mimi ni mama Kache, miaka hamsini na moja. Mgiriama wa Kaloleni, nikaolewa Changamwe, nikafiwa, nikabaki hapa hapa. Ukipita banda la wachongaji, nyuma yake kuna paa la makuti na mabenchi manne. Ndiyo mangwe yangu. Nauza mnazi, tembo letu la kugema, na mchana napika sima na samaki wa nazi. Leseni imetundikwa ukutani, msije mkaniuliza.

Sasa shikeni jambo moja kabla sijaendelea.

Kwetu sisi, mwenye mnazi huonja kwanza. Mgeni akikaa, nachota kwa kata, napiga funda mbele yake, anaona koo likishuka, ndipo namjazia mboko, kibuyu chake cha kunywea. Ni kama kumwambia, ikiwa mna kifo humu basi nimetangulia mimi. Mamangu alifanya hivyo, na mamake pia. Hata chifu akija hapewi kabla sijaonja.

Haya.

Soko likashika. Wageni wakaanza kuletwa na vani, na kamati ikachora ubao mkubwa langoni kuonyesha pa kula, pa kunywa na pa kutembelea. Zuhura, jirani yangu wa mahamri na mbaazi, akachorewa sahani. Mzee Muli mchongaji akachorewa patasi, kwa sababu kwake mgeni huruhusiwa kushika mti ajaribu mwenyewe. Mimi nikachorewa kibuyu.

Na mwenyekiti wetu, jina lake Kitsao, akajichorea glasi kubwa kutushinda sote. Yeye ana kibanda cha maji ya ukwaju pale pale langoni. Vigae chini, feni juu, barafu ndani ya glasi.

Mwanzo wa masika tukaitwa mkutano wa kamati kwake. Akaleta jagi la ukwaju, akamimina, akanisogezea glasi.

Hakuonja.

Nikaitazama ile glasi. Moyo ukaniambia, mwambie aonje. Halafu nikaona vigae, nikaona feni, nikaona na leso yangu ilivyopauka. Nikajiambia, mama Kache, leo usijionyeshe kama umetoka msituni.

Nikanywa. Nikaomba na ya pili.

Zuhura siku hiyo alikuwa amefunga, hakugusa. Mzee Muli ana jino bovu, vitu vya barafu hanywi. Katibu alikunywa kidogo, tumbo likamsokota siku mbili. Mimi niliyekunywa mbili, kesho yake adhuhuri sikuwa najua jina langu. Nilibebwa. Nikatundikiwa dripu mkono huu na huu, wanangu wakaitwa waje waniage.

Wakuu, kuhara mnakuchekea lakini kunaua. Nililala kitandani nikawasikia wauguzi wakisema huyu mama hafiki kesho. Nikafika. Nikafika na ya pili.

Sasa nikiwa huko, Kitsao akatuma sauti kwenye grupu la soko. Ninayo mpaka leo, nikikasirika huisikiliza. Anasema: "Mama Kache ameugua kwa uchafu wa mangwe yake. Ikiwa mwenyewe yuko hali hiyo, mgeni je?"

Kamati ikatia sahihi nitolewe kwenye ubao. Yote. Mzee Muli naye alitia, na amenipa ruhusa niandike hivyo.

Nilirudi nimekonda, sketi naishika kwa mkono isinianguke. Kufika langoni, pale palipokuwa kibuyu changu pamepakwa rangi nyeupe. Nikaenda kwake moja kwa moja.

"Mwenyekiti, kibuyu changu kiko wapi?"

"Pole na ugonjwa mama Kache. Nenda upumzike, umeshakuwa mtu mzima."

"Nimekuuliza kibuyu."

"Wageni wanataka usafi, mama. Mambo ya vibuyu ni ya huko kwenu."

Kwenu! Kitsao huyu, kwao na kwetu ni shamba na shamba. Mamake na mamangu walichota maji bwawa moja.

Nikamwambia, "Kitsao, uliniua sikufa. Sasa utanichoka."

Mwezi mzima mabenchi yangu yalikaliwa na paka. Mgeni hajui njia ya nyuma ya banda, anafuata ubao. Wanangu wakanibembeleza nifunge nirudi Kaloleni nikalime. Nikawaambia sitoki. Pale ndipo nilipowasomeshea. Ugonjwa umeshindwa kunitoa, Kitsao atanitoa kwa brashi ya rangi?

Nikapaka chokaa. Nikabadilisha makuti. Nikaenda mwenyewe kumwita afisa wa afya, akaja akachungulia mapipa yangu, vyungu, choo, akaniandikia karatasi ya kusema pako sawa. Nikaipeleka kwa kamati. Kitsao hata hakuisoma. Akasema karatasi siku hizi kila mtu anayo.

Basi nikangoja.

Ikafika siku ya waongoza wageni, wale vijana wa vani, kuja kuonja kila mahali wachague watakapokuwa wakileta watu. Siku hiyo ukikosa, umekosa msimu mzima. Kamati ikapanga safari yao, mimi simo. Nikavaa leso mpya nikaenda kusimama langoni, chini ya ule ubao. Mkubwa wao anaitwa Salim. Nikamwita.

"Mwanangu, shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Huu ubao una kidonda, hapa palipo peupe. Njoo nikuonyeshe kilichofichwa."

Vijana wakacheka, wakanifuata. Kitsao akasema muda hautoshi. Salim akamjibu kwamba kuonja ndiko kulikowaleta.

Nikawakalisha. Wanaokunywa nikachota, nikaonja, nikawapa. Salim ni Muislamu, mnazi haugusi, nikampakulia samaki. Hata mchuzi nikauonja mbele ya macho yake.

"Mbona waonja wewe kwanza mama?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Akatikisa kichwa. "Wallahi hili wageni watalipenda. Kwa hivyo ndivyo ilivyo hapa sokoni?"

"Ndivyo ilivyo kwa kila Mgiriama," nikasema, nikamtazama Kitsao. Yeye alikuwa amekaa pembeni, hajaalikwa, na sahani ya samaki wangu ameimaliza yote.

Tukatoka wote mpaka kwake, Zuhura na Mzee Muli nyuma yetu. Glasi zimepangwa, barafu inalia. Vijana wakachukua kila mmoja yake. Salim, badala ya kunywa, akamrudishia Kitsao.

"Mwenyekiti, wewe kwanza."

Kitsao akacheka. "Aa, mimi leo nimefunga."

Zuhura akamrukia: "Umefunga na mwiba wa samaki wa mama Kache ungali kwenye jino?"

Watu wakaangua kicheko. Kitsao akajipangusa mdomo. "Basi ni sukari. Daktari amenikataza."

Mzee Muli akainua mkono akaonyesha ukutani. "Si umeandika mwenyewe pale, ukwaju bila sukari? Kunywa, bwana. Funda moja tu."

Sasa hakuna aliyecheka. Mimi nilisimama mbele yake. Nilitaka kuona koo lake likishuka, basi. Kama angekunywa, mimi ningekuwa muongo na ningefunga mangwe siku ile.

Hakunywa. Akaizungusha ile glasi huku akitazama mlango.

Mke wake, Umazi, akatoka nyuma ya pazia. Mikono ina ukwaju mpaka viwikoni.

"Asinywe! Tangu masika namwambia maji ya kisima kile tuyachemshe, choo kiko hatua kumi. Ananiambia barafu inaua wadudu!"

Vijana wakaweka glasi chini, moja moja, taratibu. Sauti ile ya glasi mezani ndiyo pole ya kweli pekee niliyowahi kupata kwa Kitsao.

Mchana ule ule Mzee Muli alichukua patasi yake akaenda langoni akaukwangua ule weupe. Kibuyu changu kilikuwa chini yake, kimechubuka lakini kipo. Fundi rangi akataka kukichora upya, nikakataa. Kiacheni na makovu yake, tunafanana.

Kitsao bado ni mwenyekiti, msishangae. Samahani hajaniomba. Lakini maji sasa yanachemshwa, na Umazi hapiti na jagi kabla hajaonja yeye mbele ya mgeni. Kwa hiyo huyo mama mnunulieni.

Wa kulaumiwa niliahidi kuwataja. Wa kwanza Kitsao, aliyejua maji yake na uchafu akanibandikia mimi. Wa pili kamati nzima, iliyotia sahihi bila hata kuja kunijulia hali. Wa tatu ni mimi mama Kache, niliyeonea haya desturi ya mamangu kwa sababu ya vigae na feni. Hilo ndilo funzo langu wakuu, na nimelilipia kwa mwili. Mtu akikupa kinywaji, mwambie aonje. Akikuita mshamba, utakuwa mshamba mzima.

Sasa jibu la yule mwenzetu. Njoo asubuhi, anza kwa Zuhura mahamri yakiwa ya moto, mbaazi usiache. Pitia kwa Mzee Muli ushike patasi. Kwa Umazi kunywa ukwaju akishaonja. Mchana zunguka nyuma ya banda, fuata kibuyu chenye makovu.

Waliopatwa kama mimi waandike hapo chini, na majina wayataje. Na watoto wa Kitsao, najua mumo humu. Msomeeni baba yenu uzi huu, halafu mwambieni benchi lake lipo. Aje ale.

Nitaonja mimi kwanza.