Kitambaa cha Meza cha Bwana Salimu

Jamani, mnanilazimisha tu, maana nusu yake mmeshaisikia kwa Masanja, na Masanja akiisimulia hunivua hata nguo ambazo siku hiyo sikuvuliwa. Basi bora niseme mwenyewe, aibu ni yangu.

Enzi zile dhahabu ya Geita ndiyo kwanza inawatoa vijana vijijini, mimi nilikuwa fundi cherehani hapa Shinyanga mjini, nimemposa Kabula wa Samuye, na wazee wake walikuwa waje wiki ileile kupanga siku ya ndoa. Sasa, sisi Wasukuma mnatujua, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kula mbele yake! Mama Kabula nilikuwa namsalimu nikiwa nje ya ua, yeye ndani anaitikia, basi, yamekwisha. Na mama yule hakuwa na mchezo: kijana aliyenitangulia kuposa alikataliwa kwa sababu alikutana naye njiani asiingie porini kumpisha.

Jumapili hiyo rafiki yangu Masanja karudi kutoka machimboni, mfuko umetuna, akasema mimi na mwenzetu Juma lazima twende naye hoteli mpya ya Bwana Salimu karibu na stesheni, tukanywe chai ya saa nne kama mabwana. Hoteli yenyewe, wacha! Meza zina vitambaa vyeupe mpaka chini, vikombe vya maua, na Bwana Salimu mwenyewe na kanzu yake anakuuliza mayai unayapenda vipi (mimi nilikuwa sijui kama mayai yana vipi). Masanja alitaka tukae barazani tuonekane. Mimi, kwa ulafi wangu, nikasema hapana, tukae karibu na mlango wa jikoni, chapati zitufikie za moto. Kosa langu ni hilo tu, naapa.

Ndiyo kwanza nimemega chapati, nikasikia sauti nyuma yangu: "Hodi jikoni! Maziwa nimeleta." Mama Kabula! Sauti ile ningeitambua hata usingizini. Sikufikiri, nikateleza kutoka kwenye kiti nikaingia chini ya meza, nikajifunika kitambaa, nikasema moyoni ataacha maziwa aende zake.

Aende wapi! Bwana Salimu, na heshima zake za pwani, akaona mama wa watu kachoka na jua, akamvutia kiti. Kiti changu! Miguu yake yenye vumbi la Samuye ikaja kusimama mbele ya pua yangu.

"Mwangaluka, mayu!" Masanja akamwamkia kwa Kisukuma, na nikajua kwa sauti yake kwamba anakufa kwa kicheko.

"Mwangaluka. Mwenye chai hii yuko wapi? Itapoa."

"Ametoka kidogo," akasema Juma.

Nikawaza, akinyoosha mguu tu anaugusa mwili wangu, na hapo Kabula simwoni tena maisha yangu yote. Bora nikimbie hajajua ni nani. Nikakamata kitambaa, nikajifunika gubigubi, nikachomoka, na vitu vyote vya mezani vikanifuata, birika, mayai, vikombe vya maua, pwaaa!

"Mwizi! Mwizi wa kitambaa!" Bwana Salimu akapiga yowe. Nami sioni mbele, nikajibamiza kwenye nguzo ya baraza, nikaanguka, watu wa stesheni wakanizingira, mmoja fimbo mkononi, mwingine anavuta kitambaa, na mimi nimeking'ang'ania kwa meno.

"Mimi si mwizi! Nipigeni, lakini msinifunue!"

Ndipo nikasikia sauti ileile: "Mwacheni!" Masanja anasema mama alikuwa amesimama, amegeuza mgongo. "Sauti hiyo naijua, hunisalimu nje ya ua wangu. Huyo ni mkwe wangu. Hakuiba, ananiheshimu."

Hata mwenye fimbo akainama.

"Mwambieni asijifunue mpaka nimetokomea njiani," akasema. Kisha, baada ya kukohoa kidogo, "na mwambieni wazee wanakuja kama tulivyopatana."

Nililia humo ndani ya kitambaa, sioni haya kusema, huku nikinuka mayai.

Bwana Salimu nilimshonea kitambaa kipya. Na tangu siku ile nikiingia hoteli sikai karibu na jiko hata kama chapati zinaniita kwa jina, na meza yenye kitambaa kirefu naikwepa. Mama Kabula amefariki hatujawahi kutazamana. Lakini kila alipotuletea maziwa, kibuyu kilifika kimefunikwa kitambaa cheupe, na Kabula, huku akiuma midomo asicheke, aliniambia, "Mama anauliza kama ile chai yako ilipoa."